VIWANDA NA MADUKA YA THIKA NA RUIRU
Jinsi miji hii miwili ilivyokua, na funzo tupatalo

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Murang'a au Nyeri hupita Ruiru kwanza, yapata kilomita 25 kutoka jijini, kisha Thika, penye kilomita 42 hivi. Njiani huona dohani za viwanda, magodauni makubwa, na maduka yaliyopangana kandokando ya barabara. Mji wa Thika umepewa hata jina la utani, “Birmingham ya Kenya”, kwa kuufananisha na ule mji wa Uingereza uliosifika kwa karakana zake. Lakini ni wachache waulizao: Kwa nini hapa? Kwa nini kiwanda cha mananasi kisiwe Machakos? Kiwanda hakijengwi mahali bila sababu, na duka halidumu pasipo wanunuzi. Katika makala haya twakusudia kueleza sababu hizo kwa taratibu, maana mtu ajuaye jinsi mji wake ulivyojengwa huweza kukisia pia ni nini kinachoweza kuubomoa.

MAJI NDIYO ASILI

Mto Thika na mto Chania hukutana karibu na mji, na yote miwili ina maporomoko yake. Kati ya maporomoko hayo ipo Hoteli ya Blue Posts, iliyofunguliwa mwaka 1908, ambako wasafiri wa zamani walipumzika kabla ya kuendelea na safari ya Fort Hall, yaani Murang'a ya leo. Ruiru nao umepewa jina la mto upitao hapo.

Maji haya yalikuwa na kazi nyingi. Buni za kahawa zikivunwa lazima zimenywe na kuoshwa upesi, na kazi hiyo yataka maji mengi. Mkonge nao hauwezi kukamuliwa pasipo maji ya kuoshea singa zake. Ngozi za ng'ombe na mbuzi huloweshwa siku nyingi kabla ya kuwa ngozi ya viatu. Zaidi ya hayo, nguvu ya maji huzungusha mitambo ya umeme. Taa za mwanzo za Nairobi zilipata nguvu yake kutoka mto Ruiru, na mwaka 1925 kituo cha Ndula kilijengwa katika mto Thika kwa kazi hiyo hiyo. Hivyo twaona kwamba mito ilitangulia, na viwanda vikaifuata.

Wala tusidhani kwamba kabla ya hapo watu wa nchi hii hawakujua biashara. Thika iko mpakani mwa nchi ya Wakikuyu na nchi ya Wakamba, na nyanda za Wamasai hazikuwa mbali. Tangu zamani wanawake wa Kikuyu walichukua vyakula vya shambani kuwapelekea jirani zao, wakarudi na mbuzi, ngozi na bidhaa nyingine. Hata nyakati za vita kati ya wanaume, mara nyingi njia za akina mama hazikufungwa. Reli ilipokuja ilikuta tabia ya kuuza na kununua imekwisha kuota mizizi.

RELI NA ARDHI

Reli itokayo Mombasa ilifika mahali pa Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika ziwa la Viktoria. Tawi la kwenda Thika lilifunguliwa mwaka 1913, likapita Ruiru. Baadaye njia hiyo ilisukumwa mbele hata ikafika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Yafaa tuseme wazi reli hii ilijengwa kwa ajili ya nani. Kwa sheria za ardhi za mwaka 1902 na 1915 serikali ya kikoloni iliitwaa ardhi kubwa ikaigawa kwa walowezi wa Kizungu. Pande za Ruiru, Juja, Thika na Makuyu ziligeuka kuwa mashamba makubwa ya kahawa na mkonge, na walowezi hao walitaka gari moshi la kuchukulia mazao yao. Wenyeji wengi waliokuwa wakilima au kulisha mifugo hapo walijikuta wamekuwa wapangaji na vibarua katika nchi yao wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya kwanza kila mwanamume Mwafrika alilazimika kuchukua kipande, nacho kilionyesha kazi yake, ujira wake, na kama bwana wake amempa ruhusa ya kuondoka.

Basi mwanzo wa viwanda vya Thika na Ruiru ulikuwa huo: mito, reli, ardhi iliyotwaliwa, na wafanyakazi waliohitaji fedha ya kulipa kodi.

VIWANDA VYA KWANZA

Viwanda vya mwanzo vilikuwa ndani ya mashamba. Mkonge ulipandwa Punda Milia, karibu na Makuyu, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, kisha ukaenea. Jani la mkonge ni zito, lakini singa zake hazizidi sehemu tano katika mia za uzito wake. Vilivyobaki ni maji na makapi. Ndiyo sababu mtambo wa kukamulia hauna budi kuwa karibu na shamba, maana hakuna mwenye akili alipaye nauli ya kusafirisha makapi. Singa zikikauka hupelekwa kusokotwa kamba na kufumwa magunia, na viwanda vya kazi hiyo viliwekwa pande za Ruiru na Juja. Pale Thika mtaa mmoja mkubwa huitwa Makongeni, na msikizaji wa Kiswahili hakosi kusikia mkonge ndani ya jina hilo.

Zao jingine lilikuwa gamba la mti wa muwati, ambao Wakikuyu huuita muthanduku. Tofauti na kahawa, mti huu Waafrika waliruhusiwa kuupanda, nao waliupanda kwa bidii katika vishamba vyao. Baada ya miaka saba au zaidi mti hukatwa, gamba likabanduliwa na kuuzwa, na shina likachomwa makaa. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Wahindi iitwayo Premchand Raichand ilikuwa na kiwanda Thika cha kuchemsha magamba hayo na kutoa dawa ya kudabaghi ngozi.

Hapa msomaji aone jinsi kiwanda kimoja kinavyokiita kingine. Dawa ya kudabaghi ilikuwa inapatikana Thika, maji yalikuwa tele, na ngozi zilitoka Ukambani na kwingineko kwenye mifugo. Kiwanda cha ngozi cha Bulleys kikawekwa mjini hapo hapo.

KOPO NA NANASI

Mfano ulio bora zaidi ni wa nanasi. Baada ya Vita Kuu ya pili, mwishoni mwa miaka ya 1940, kampuni ya Kenya Canners ilianza kazi ya kutia mananasi makoponi huko Thika. Nanasi hukaa ardhini mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kuvunwa, lakini likiisha kuiva halingoji mtu: lisipotengenezwa upesi huoza. Basi kiwanda lazima kiwe karibu na shamba. Na kiwanda cha mananasi hakina faida pasipo makopo, wala si busara kusafirisha makopo matupu kutoka ng'ambo, kwa kuwa kopo tupu hujaza nafasi bure melini. Kwa hiyo kampuni ya Metal Box nayo ilifungua kiwanda cha makopo mjini Thika wakati huo huo.

Hapo mwanzo mananasi mengi yalitoka kwa wakulima wadogo wa Kiambu na Murang'a, nao wakapata fedha. Mwaka 1965 kampuni ya Kimarekani iliyomiliki jina la Del Monte iliingia katika uendeshaji wa kiwanda, na baadaye ikakichukua. Kwa kutaka matunda ya namna moja, yaivayo kwa mpango, kampuni ililima shamba lake yenyewe lenye maelfu ya ekari, na katika miaka ya 1970 wakulima wadogo walikuwa wameachwa nje. Kiwanda kilikua kikawa miongoni mwa vikubwa vya namna yake duniani, na maelfu ya watu walipata kazi. Lakini mkulima aliyekuwa muuzaji akawa kibarua. Hata leo swali la nani ana haki juu ya ardhi ile halijazimika katika midomo ya watu wa Kandara na Thika.

DUKA LA MHINDI NA DUKA LA MWAFRIKA

Sasa tugeukie maduka. Mji wa Thika ulitangazwa rasmi kuwa mji mdogo mwaka 1924, na maduka mengi ya katikati yalikuwa ya Wahindi, hasa watu wa jamii ya Oshwal kutoka Gujarati. Wengine husema kwamba Wahindi walipenda duka kuliko jembe. Ukweli ni kwamba ardhi nzuri ya nyanda za juu ilitengwa kwa Wazungu peke yao, na Mhindi hakuruhusiwa kulima huko. Mlango uliobaki wazi ulikuwa wa biashara.

Duka la namna hiyo lilikuwa la mabati, familia ikilala nyuma na kuuza mbele. Barazani alikaa fundi na cherehani yake. Ndani mlikuwa na amerikani, kanga, blanketi, chumvi, sukari, mafuta ya taa, majembe na misumari. Mwenye duka alikuwa mnunuzi pia: alipokea maharagwe, mahindi, ngozi na magamba ya muwati, akayapeleka Nairobi. Nguvu yake kubwa haikuwa fedha mkononi, ilikuwa mali kauli. Tajiri wa duka la jumla, ambaye pengine alikuwa ndugu yake au mtu wa kwao, alimpa bidhaa leo naye akalipa baada ya mwezi au miezi mitatu. Kwa uaminifu wa namna hiyo mtu mwenye rupia chache aliweza kujaza duka zima.

Mwafrika aliyetaka kufanya vivyo hivyo alikuta ukuta mbele yake. Sheria ya kikoloni ilisema kwamba deni la Mwafrika lililozidi shilingi 200 halikuweza kudaiwa mahakamani pasipo kibali cha serikali. Ilidaiwa kwamba sheria hiyo ilimlinda asitumbukie katika madeni. Lakini tajiri gani atampa mali kauli mtu ambaye hawezi kumshitaki? Na benki nayo ilitaka rehani, hali Mwafrika hakuwa na hati ya shamba lake. Hati hizo zilianza kutolewa baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Ndiyo sababu duka la Mwafrika lilibaki dogo: sabuni chache, viberiti, na debe moja la mafuta. Watu wakamcheka wakidhani hana akili ya biashara, kumbe kamba iliyomfunga miguu haikuonekana kwa macho.

Hata hivyo walikuwako waliojaribu. Askari waliorudi kutoka vita vya 1939 hadi 1945 walikuwa na akiba yao, nao wakaungana wawili au watatu, wakafungua maduka, hoteli za chai na vinu vya unga, wengine wakanunua malori. Wengi walianguka kwa kukosa ujuzi wa daftari, na kwa hiyo masomo ya wenye maduka yalifundishwa katika Jeanes School huko Kabete. Kisha ikaja Hali ya Hatari, tangu Oktoba 1952 hata Januari 1960. Katika nchi ya Wakikuyu serikali ilifunga maduka na masoko kwa kuwaadhibu watu wa mahali pamoja, wenye hatia na wasio na hatia. Mtu aliyejenga duka lake kwa miaka saba aliweza kulipoteza kwa asubuhi moja.

BAADA YA UHURU

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na Thika ikaonekana kuwa mahali pafaapo kwa viwanda vipya. Thika Cloth Mills kilikuwa kimekwisha kuanza kufuma nguo mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika miaka ya 1960 kikaja kiwanda kingine cha nguo kilichoungwa mkono na kampuni ya Toray ya Ujapani. Mwaka 1974 iliundwa kampuni ya Leyland Kenya, serikali ikiwa na hisa ndani yake, ili magari yaunganishwe mjini Thika. Kampuni hiyo baadaye iliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na mwaka 2016 ilianza kuunganisha pia magari ya Volkswagen.

Kwa upande wa maduka, sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwakataza wasio raia kuuza bidhaa fulani na kufanya biashara sehemu fulani. Wahindi wengi waliokuwa na pasi za Kiingereza waliondoka nchini mwaka 1968 na miaka iliyofuata, na maduka yao yakachukuliwa na Waafrika. Wengine waliokuwa raia walibaki, lakini wakaona kwamba usalama wa mali yao ulikuwa katika viwanda kuliko katika rejareja. Sheria iliyokusudiwa kwa maduka hivyo ikawasukuma watu kwenye viwanda. Bidco ni mfano wa safari ya namna hiyo: ilianza Nyeri mwaka 1970 kwa kushona nguo, ikaingia katika sabuni, na mwaka 1991 ikafungua Thika kiwanda cha mafuta ya kupikia.

DHORUBA YA MIAKA YA 1990

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilifungua milango ya forodha, na bidhaa za nje zikaingia kwa wingi. Nguo za mitumba ziliuzwa kwa bei ambayo hakuna kiwanda kingeweza kuifikia. Mnunuzi alifurahi, na nani amlaumu? Shati lililokuwa la mshahara wa siku nyingi sasa lilinunuliwa kwa shilingi chache. Lakini viwanda vingi vya nguo nchini vilifungwa au kupunguza watu, na Thika haikusalimika. Mkonge ulikuwa umekwisha kudhoofika zamani kwa ajili ya kamba za plastiki, na muwati ulipoteza soko lake.

Hapa ndipo uhusiano wa kiwanda na duka ulipoonekana wazi. Mwenye duka katika mitaa ya wafanyakazi huuza kwa daftari: mfanyakazi huchukua unga, sukari na mkaa mwezi mzima, akalipa siku ya mshahara. Kiwanda kikifungwa, daftari lile hubaki limejaa majina na sanduku halina fedha. Mfanyakazi mmoja aachishwapo kazi, muuza maziwa, mwenye nyumba ya kupangisha, fundi wa viatu na mwanamke auzaye mboga wote hupunguziwa riziki.

RUIRU YAIPITA THIKA

Kwa miaka mingi Ruiru ilikuwa mdogo wake Thika: kituo cha reli, maduka machache, na mashamba ya kahawa. Ilijulikana zaidi kwa kituo chake cha utafiti wa kahawa, ambacho mwaka 1985 kilitoa mbegu iitwayo Ruiru 11, ambayo hustahimili ugonjwa wa chule uliokuwa ukiwafilisi wakulima. Mwaka 1993 kiwanda cha maziwa cha Brookside kilianza huko, na viwanda vya nyuzi na chuma vikafanya makao.

Badiliko kubwa lilikuja na barabara. Barabara kuu mpya ya Nairobi hadi Thika, yenye njia nane mahali pengi, ilijengwa tangu mwaka 2009, na Rais Mwai Kibaki akaifungua tarehe 9 Novemba 2012. Watu wafanyao kazi Nairobi waliweza sasa kulala Ruiru. Kahawa ikang'olewa, nyumba za ghorofa zikapandwa mahali pake. Hesabu ya mwaka 2009 ilikuta katika mji wa Ruiru watu wapatao 239,000 na Thika 140,000. Ile ya mwaka 2019 ikakuta Ruiru zaidi ya 490,000 na Thika zaidi ya 250,000. Mdogo amemzidi kaka yake kwa kimo. Hata shamba la zamani la kahawa limegeuzwa kuwa mji mpya wa Tatu City, wenye viwanda na shule ndani yake.

Lakini wingi wa watu una pande mbili. Huleta wanunuzi, na huleta pia mashindano. Mwenye duka wa Ruiru leo hashindani na jirani peke yake, hushindana na maduka makubwa ya kujihudumia. Hata hivyo ukubwa si kinga: Uchumi, Nakumatt na Tuskys, ambayo yalikuwa majina makuu nchini, yote yalizama katika madeni, na wengi waliowauzia bidhaa kwa mali kauli hawakulipwa. Kibanda cha mtaani, kiuzacho sukari ya kupima na kupokea fedha kwa simu tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kingali wazi saa tatu ya usiku.

MAFUNZO

Yatupasa sasa tukusanye mafunzo. La kwanza, kila kiwanda kilichodumu Thika na Ruiru kilikuwa na sababu ya kuwa hapo: maji, mazao, njia, au kiwanda jirani. Kijana atakaye kuanzisha karakana aulize kwanza ni kitu gani kilicho karibu naye ambacho mwenzake aliye mbali hanacho.

La pili, maji ndiyo mtaji wa kwanza wa miji hii. Mto Thika huenda kuungana na Tana, na maji ya Ruiru hushuka kuingia Athi, na watu wengi walio chini huyanywa. Kiwanda kimwagacho taka mtoni hujikatia tawi kilichokalia, na hukata la wengine pia.

La tatu, uaminifu ni rasilmali. Wahindi wa kwanza hawakuwa na fedha nyingi kama tulivyodhani. Walikuwa na mtu wa kuwaamini na daftari la kuandika. Sheria iliyomzuia Mwafrika asipate mkopo imekwisha kufutwa, lakini asiyeandika hesabu zake hujitungia mwenyewe sheria hiyo upya. Aandike alichonunua, alichouza, na nani anadaiwa. Wala asile fedha za duka akidhani ni faida.

La nne, mwenye duka asitegemee lango moja la kiwanda, na mji usitegemee kiwanda kimoja. Nguo zilianguka, mkonge ukaanguka, muwati ukaanguka, lakini mji wa Thika haukufa kwa sababu ulikuwa na ngozi, mafuta, magari na nanasi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojazwa na mikono mingi hakimwagiki kwa urahisi.

Ndugu msomaji apitaye njia ile, atazamapo moshi upaao juu ya Thika na vibanda vilivyojaa pale Ruiru, akumbuke kwamba chini yake kuna jasho la vizazi vinne au vitano: waliotwaliwa ardhi, waliobeba kipande, waliofungiwa maduka, na wale waliofungua tena. Kazi iliyobaki ni kuona kwamba watakaofuata wanarithi kitu kilicho bora kuliko daftari la madeni.